Humphry Davy: aliizuia kutu, chumvi ikaganda

Wasikilizaji wa taarifa ya saa saba mchana mtakumbuka kwamba mwezi uliopita kuna siku honi za bajaji zilisikika katikati ya habari. Tulikuwa tumefungua madirisha ya studio. Jengo tulimopanga halipozwi na viyoyozi vya ukutani vya chumba kimoja kimoja. Linapozwa kwa maji yanayozunguka kwenye mabomba hadi kwenye mnara wa kupozea ulioko juu ya paa, na siku ile mtambo ulikuwa umegoma. Fundi alipofungua kifuniko cha upande, alitoa kiganja cha vipande vyeupe, vigumu kama ganda la kombe. Pembeni yake, pale mirija ya shaba inapokutana na chuma, chuma kilikuwa kimelika kiasi cha kuvunjika kwa vidole. Tulimuuliza kama ubaya umetokana na kutu au na chumvi. Alisema ni vyote viwili, kisha akaongeza kwamba ukimbana mmoja sana, mwenzake ananenepa.

Kuna mtu aliyejifunza jambo hilo kwa gharama kubwa, miaka 200 iliyopita, mbele ya macho ya nchi nzima. Jina lake Humphry Davy. Waliosoma kemia wanamkumbuka kwa sodiamu na potasiamu, na wachimba makaa ya mawe wanamkumbuka kwa taa. Sisi leo tunamtafuta kwa habari ya shaba, zinki na maji ya chumvi, ambayo wengi wa wanaomsifu huipita haraka kwa sababu haikumletea sifa.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 huko Penzance, mji mdogo wa bandari kwenye ncha ya kusini magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchonga mbao, na alipofariki mwaka 1794 aliacha mjane, watoto watano na madeni. Humphry ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Mwaka uliofuata alipelekwa kwa tabibu wa mjini hapo kujifunza kazi ya tiba na kuchanganya dawa. Chuo kikuu hakukikanyaga. Kemia aliisoma mwenyewe kwenye vitabu, na majaribio yake ya kwanza aliyafanya kwa vyombo vya jikoni na vya dukani kwa tabibu. Kwa sisi tulioingia kwenye utangazaji na cheti tu mkononi, habari hii hututia moyo kidogo.

Mwaka 1798, akiwa bado hajatimiza miaka 20, aliajiriwa Bristol kwenye taasisi iliyokuwa ikichunguza kama gesi zinaweza kutibu maradhi ya mapafu. Alizivuta gesi hizo mwenyewe, na moja wapo nusura imuue. Iliyompa jina ni ile inayoitwa hadi leo gesi ya kuchekesha. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1800 aligusia kwamba gesi hiyo huondoa maumivu, hivyo huenda ingefaa wakati wa upasuaji. Madaktari waliliacha wazo hilo kwa zaidi ya miaka 40, na watu wakaendelea kukatwa miguu wakiwa macho.

London ilimchukua mwaka 1801. Taasisi mpya ya Royal Institution ilimpa kazi ya kufundisha hadharani, na kijana wa Penzance akageuka kuwa kivutio cha mji. Mabibi na mabwana walifurika kwenye mihadhara yake kama watu wanavyofurika kwenye tamasha. Alikuwa na sura nzuri, alijua kusimulia, na alipenda kupendwa. Sifa hiyo ya mwisho tuikumbuke, maana itarudi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mwitaliano Alessandro Volta alikuwa ametangaza betri ya kwanza: vipande vya metali mbili tofauti, kama zinki na shaba, vikitenganishwa na kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Davy aliona jambo ambalo wengine walilipita. Ikiwa metali mbili na maji ya chumvi vinazalisha umeme, basi umeme na kemia ni ndugu wa karibu, na huenda umeme ukaweza kuvunja vitu ambavyo moto na tindikali vimeshindwa. Oktoba 1807 alipitisha umeme kwenye potashi iliyoyeyuka, vikatokea vitone vya metali ng'avu vilivyolipuka na kuwaka palepale. Inasimuliwa kwamba alicheza kwa furaha chumba kizima. Hiyo ilikuwa potasiamu. Siku chache baadaye akapata sodiamu. Mwaka 1808 alizitenga kalsiamu, magnesiamu, bariamu na strontiamu. Na mwaka 1810 alionyesha kwamba ile gesi ya kijani yenye harufu kali ni elementi kamili, siyo mchanganyiko, akaipa jina la klorini.

Tusimame hapo kidogo, tuangalie orodha hiyo pamoja na kile kiganja cha fundi wetu. Ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai kwa watu wanaotumia maji ya kisima chenye chumvi umejengwa zaidi na kalsiamu, na magnesiamu kidogo. Hayo ndiyo maji magumu, yale ambayo sabuni inakataa kutoa povu. Sodiamu na klorini, kwa pamoja, ndizo chumvi ya mezani na ndizo chumvi ya bahari, na ile sehemu ya klorini ndiyo inayopenya kwenye ngozi nyembamba inayolinda chuma na kukitoboa vishimo. Karibu kila kinachoua mabomba ya viyoyozi hapa pwani kilipewa jina au kilitengwa na mtu mmoja huyu, ndani ya miaka mitatu hivi.

Miaka iliyofuata tunaipita haraka. Mwaka 1812 alipewa heshima ya kuitwa Sir, akamwoa mjane tajiri, Jane Apreece, na mwaka huohuo mlipuko maabara ukamjeruhi macho. Akamchukua msaidizi, kijana wa kazi ya kujalidi vitabu aliyeitwa Michael Faraday, ambaye baadaye naye angekuwa mkubwa. Mwaka 1815, baada ya milipuko ya gesi kuwaua wachimba makaa wengi kaskazini mwa Uingereza, wakiwemo 92 katika mgodi wa Felling mwaka 1812, Davy alibuni taa ambayo moto wake umezungukwa na wavu wa waya ili usiwashe gesi ya nje. Alikataa kuisajili ili ajipatie fedha. Lakini fundi wa migodi George Stephenson alipodai kuwa naye alibuni taa yake, Davy alipigana kwa ukali usiopendeza. Fedha aliweza kuziacha. Sifa hakuiweza.

Mwaka 1820 alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza. Yatima wa mchonga mbao alikuwa amefika juu kabisa. Ndipo serikali ilipomletea tatizo la meli.

Wazee wetu wa majahazi walijua adha ya mbao baharini. Funza wa baharini hutoboa ubao mpaka uwe kama sega la nyuki, na mwani pamoja na viumbe vya magamba hujishikiza chini ya chombo hadi kikawa kizito. Huku kwetu dawa ilikuwa kukipandisha chombo pwani, kukikwangua na kukipaka deheni ya chokaa na shahamu. Jeshi la majini la Uingereza lilichagua njia ya ghali: kuanzia miaka ya 1760 lilianza kufunika matumbo ya manowari kwa mabamba ya shaba. Funza walishindwa, mwani haukushika, na meli zikaenda kasi.

Ila shaba ilikuja na matatizo mawili. La kwanza lilijitokeza mapema kwenye meli iitwayo Alarm, moja ya za mwanzo kufunikwa. Iliporudi kutoka visiwa vya Karibi, shaba ilikuwa safi lakini misumari ya chuma iliyogusana nayo ilikuwa imelika vibaya. Ndiyo maradhi yaleyale ya mtambo wa jengo letu: metali mbili tofauti, maji ya chumvi katikati, na iliyo dhaifu inaliwa. Bila kujua, jeshi lilikuwa limejenga betri ya Volta yenye ukubwa wa meli, miaka mingi kabla ya Volta mwenyewe. Wakabadilisha misumari. Tatizo la pili lilibaki: shaba yenyewe, ikiwa peke yake, iliendelea kuliwa polepole na bahari, na kila baada ya miaka kadhaa ilibidi iwekwe mpya kwa fedha nyingi.

Mwaka 1823 jeshi likaiomba Royal Society ushauri. Wengi walidhani shaba wanayouziwa ni chafu. Davy alichunguza na kuona kwamba hata shaba safi inalika, kwa kuwa chumvi ya bahari na oksijeni iliyomo majini vinaishambulia pamoja. Kisha akageuza tatizo la meli ya Alarm liwe dawa. Ikiwa shaba hulindwa pale inapogusana na chuma, na chuma ndicho kinacholiwa, basi tuiwekee shaba kwa makusudi kipande cha metali dhaifu kiliwe badala yake. Januari 1824 aliwasomea wanajumuiya matokeo. Kipande cha zinki cha ukubwa wa punje ya njegere kilitosha kulinda inchi za mraba 40 hadi 50 za shaba ndani ya maji ya bahari. Shaba ilibaki inang'aa, zinki ikateketea.

Wazo hili ni zuri kiasi kwamba hadi sasa halijapata mbadala ulio rahisi kuliko lenyewe. Bati la paa lako limepakwa zinki kwa sababu hiyohiyo. Likikwaruzwa, zinki iliyo jirani inaliwa kwanza na chuma kinapona kwa muda.

Majaribio yalifanyika kwenye bandari ya kijeshi ya Portsmouth, na Faraday akiwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Kiangazi cha 1824 Davy mwenyewe alipanda meli ya mvuke Comet kwenda Norway kupima vipande vyake kwenye bahari iliyochafuka. Meli nyingine, Samarang, ilifungwa vipande vya chuma ikapelekwa Nova Scotia na kurudi. Shaba ilikuwa nzima. Davy aliamini ameshinda, alitangaza ushindi, na jeshi likaanza kufunga vipande hivyo kwenye meli moja baada ya nyingine.

Ushindi huo haukudumu. Meli zilizolindwa zilianza kurudi bandarini zikiwa na shaba nzima isiyopungua, lakini juu ya shaba hiyo kulikuwa na msitu wa mwani na magamba mazito. Zilienda kwa kujikokota, na kwa manowari hilo si jambo la kuudhi tu, ni la hatari. Sababu ni kwamba shaba ilikuwa ikiwafukuza viumbe hao kwa kule kuliwa kwake: kila siku iliyeyuka kidogo, na hicho kilichoyeyuka ni sumu kwao. Davy alipoizuia isiliwe, aliizuia pia isiue.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo kwetu ndilo kiini cha makala haya. Davy aliliona mwenyewe na kuliandika. Shaba iliyolindwa kupita kiasi ilifunikwa na utando mweupe. Alipoupima alikuta ni chokaa na magnesia, yaani kalsiamu na magnesiamu zake za mwaka 1808 zikiwa zimerudi katika vazi jingine. Zinki inapoliwa, umeme wake hufika kwenye shaba, na maji yanayogusa shaba hupoteza uchachu na kuwa kama maji ya magadi. Katika maji ya namna hiyo kalsiamu na magnesiamu haziwezi kubaki zimeyeyuka. Zinaganda pale pale. Juu ya utando huo mgumu, mwani na magamba vilipata pa kushika. Kwa hiyo kinga ya kutu ndiyo iliyoleta ukoko.

Davy alihangaika kutafuta kipimo cha katikati: zinki kidogo inayopunguza ulaji lakini inaiachia shaba iyeyuke kiasi cha kuwafukuza wadudu. Kwenye beseni la maabara kipimo hicho kilipatikana. Kwenye meli inayotoka baharini baridi kwenda joto, inayokaa bandarini miezi miwili kisha inakimbia mwezi mmoja, hakikukaa. Mwaka 1825 jeshi liliamuru vipande viondolewe kwenye meli zinazosafiri. Magazeti ya London yalimcheka, na maofisa wa majini ambao hawakuwahi kumpenda walipata la kusema. Kwa mtu aliyezoea ukumbi mzima kumpigia makofi, lilikuwa pigo zito. Sisi tunaona alikosea kwa haraka yake ya kutoka beseni hadi baharini. Kwenye sayansi yenyewe hakukosea, na waliomcheka hawakutenganisha hayo mawili.

Hakuwa mpole katika miaka hiyo. Mwaka 1823, Faraday alipopendekezwa kuingia Royal Society, rais aliyempinga alikuwa bwana wake wa zamani. Faraday alichaguliwa hata hivyo. Mwishoni mwa 1826 Davy alipatwa na kiharusi, mwaka 1827 akaacha urais, na siku zilizobaki alizimaliza akizunguka Ulaya, akivua samaki mtoni na kuandika, mke wake akiwa mara nyingi mbali naye. Alifariki Geneva, Uswisi, tarehe 29 Mei 1829, akiwa na miaka 50, na akazikwa hukohuko. Hakuacha mtoto.

Vipande vyake vilirudi baharini baadaye, meli zilipoanza kujengwa kwa chuma. Tumbo la chuma halina sumu ya kupoteza kama la shaba, hivyo kulilinda kwa zinki hakuna hasara ile, na kazi ya kuwafukuza viumbe imeachiwa rangi. Ukipita kwenye chelezo lolote la Mombasa au Dar es Salaam meli ikiwa imepandishwa, angalia karibu na panga la nyuma: vile vipande vya kijivu vilivyolika nusu ndivyo hivyo.

Kwenye majengo mambo yamebaki karibu na yale ya mwaka 1824. Mnara wa kupozea ulioko juu ya paa unafanya kazi kwa kupoteza maji hewani. Yanayoruka ni maji matupu. Chumvi yote inabaki. Unajaza maji mapya, nayo yanakuja na chumvi yake, na baada ya siku kadhaa maji yanayozunguka yana chumvi mara kadhaa kuliko ya bombani. Yakifika kwenye mirija yenye joto, kalsiamu inaganda, kwa kuwa chokaa, tofauti na sukari, huyeyuka vibaya zaidi maji yanapopata moto. Ukoko mwembamba tu unatosha kuzuia joto lisipite, na mtambo unakula umeme zaidi kwa kazi ileile. Ukimwaga tindikali kidogo kuuzuia ukoko, maji yanakuwa machachu na chuma kinaanza kuliwa. Ukiyapunguzia uchachu ili chuma kipone, ukoko unarudi. Fundi anayeujua mtambo wake hupima maji kila wiki, humwaga sehemu ya maji yaliyokolea chumvi na kuingiza mengine, hutia dawa kwa kipimo, na pale shaba inapokutana na chuma huweka kitenganishi. Mitambo inayopozwa kwa maji ya bahari huwekewa pia vipande vya zinki, vinavyofunguliwa na kubadilishwa vikishalika.

Kwenye jengo letu, fundi aligundua kwamba maji ya mnara yalikuwa hayajamwagwa kwa miezi mingi, na tangi lilikuwa likijazwa maji ya kisima kwa sababu ya mgao. Aliosha mirija siku mbili, akabadilisha kipande cha chuma kilicholika, akatuachia daftari la kuandika vipimo. Madirisha tumeyafunga tena. Jumamosi saa nne asubuhi atakuwa nasi studioni kujibu maswali yenu kuhusu maji ya visima, matangi na viyoyozi. Waliotuma picha za birika zao wiki iliyopita, tumezipata zote.